Marahaba ya Mzee Manyanga

Magreti Kornelio ni fundi cherehani wa Magomeni, hapa Kilosa mjini, na ukimpelekea kitambaa usimharakishe, maana atakikunja akurudishie ukashone kwingine. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, si msemaji. Sijawahi kumsikia akimdanganya mteja, hata wiki ya Idi, wakati mafundi wengine wote huapa kwamba gauni limebaki vifungo tu kumbe bado halijakatwa. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye alichokifanya msimwite tapeli. Na kama mtamwita, basi mtuite wote wawili, maana kompyuta ilikuwa yangu, mimi Cleopa, na ushauri ulikuwa wangu pia.

Kompyuta zangu zilikuwa nne, katika chumba kimoja jirani na stesheni. Enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, zilikuwa zimetuletea kwanza mitumba, kisha mabanda ya video, kisha redio za watu binafsi. Intaneti ilifika Kilosa mwisho kabisa, ikichechemea. Nilipofungua mwaka 2005 wateja wangu walikuwa wanafunzi waliotafuta matokeo ya mitihani na, kila Jumamosi saa nane mchana, mzee Kornelio na binti yake.

Mzee Kornelio alikuwa karani wa stesheni kwa miaka mingi, hadi shirika la reli lilipopunguza watu naye akapunguzwa. Alibaki na gramafoni na sanduku la santuri. Vidole vyake vilitetemeka, asingeweza kubonyeza herufi moja bila kugusa tatu. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma, mikono juu ya bakora, akawa anasema, na Magreti anaandika neno kwa neno.

Walikuwa wakiingia mahali mtandaoni panapoitwa Baraza la Santuri. Ni wapenzi wa muziki wa dansi, wengi wao watu wazima, waliotawanyika Dar, Tabora, Mombasa, mmoja yuko Uswidi anafanya usafi hospitalini. Kazi yao ni kubishana. Nyumba ikiungua utaokoa santuri zipi tatu? Mpiga gitaa gani alikuwa anaringa bure? Filamu ipi ya Kihindi ilikuliza? Hapo mzee Kornelio aligonga bakora sakafuni: "Andika, mimi sikulia. Lilikuwa vumbi la ukumbi wa reli." Magreti aliandika, na kule Tabora mtu akajibu kwamba vumbi hilo lilifika hadi kwao, maana ukumbi mzima ulitoka na leso mkononi.

Kwa kuwa hawaonani, Baraza lina desturi yake. Anayeingia mara ya kwanza hutaja mwaka aliozaliwa, ili ijulikane nani amwamkie nani, na hoja haianzi kabla ya salamu. Mzee Kornelio, aliyejiita Mzee Manyanga, alizaliwa mwaka 1936. Hakuwepo wa kumzidi. Kila Jumamosi alikuta shikamoo ishirini zimempangia foleni, naye alitaka zijibiwe moja moja. "Marahaba. Marahaba. Huyu wa Mombasa naye, marahaba." Magreti alibonyeza na muda wao ukaenda, nami nilicheka nyuma ya meza yangu.

Jina la Manyanga alilipata ujanani. Vijana wa reli walikuwa na bendi yao, Mkondoa Jazz; Kornelio akitikisa manyanga, mdogo wake Lazaro akiimba. Walirekodi santuri moja tu. Lazaro alifariki miaka michache baadaye, sauti yake ikabaki kwenye santuri hiyo, na nakala pekee ya ukoo ilikuwa kwa Kornelio. Mwaka 1983 rafiki yake Oswald, gadi wa treni ya Kidatu aliyekuwa na makazi Mikumi, aliiazima kwa siku moja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake. Haikurudi. Kwanza Oswald alisema imevunjika. Baadaye ikajulikana aliibadilisha kwa makopo ya maziwa ya mtoto, mwaka ule ambao madukani hamkuwa na kitu. Kuanzia hapo, Oswald aliposhuka stesheni ya Kilosa, Kornelio aliingia ofisini akafunga dirisha. Uhasama huo ulidumu miaka ishirini na mitatu, hata baada ya wote kuacha kazi.

Hata alipokuwa kitandani, Machi 2006, hakulegea. Nilikwenda kumjulia hali na Magreti alikuwa pale, ameshika bakuli la uji. Mzee alimshika mkono akasema, "Oswald wa Mikumi asikanyage msiba wangu. Akija, mrudisheni. Udongo wangu asiutupe." Hapa kwetu hata mtu uliyegombana naye shamba huja kaburini akatupa konzi moja ya udongo, na hapo yanakwisha. Kumnyima mtu udongo ni neno zito. Magreti aliitikia, "Nimesikia, baba." Siku mbili baadaye, tarehe kumi na saba, akafariki. Oswald hakuja, kwani hakuna aliyempelekea habari.

Jumamosi iliyofuata baada ya matanga, Magreti alikuja peke yake kuandika tanzia. Nilimfungulia Baraza. Shikamoo zilikuwa zimejaa kama kawaida, na yule wa Uswidi alikuwa ameuliza swali: gari la sinema la serikali lilipokuja Kilosa miaka ya sitini, mlilitundika wapi lile shuka la kuonyeshea picha? Magreti alilisoma swali hilo mara mbili. Kisha nikaona vidole vinatembea. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Halafu: "Uwanjani mbele ya ghala la pamba, kati ya nguzo mbili, na waliokaa upande wa nyuma waliona watu wote wakitumia mkono wa kushoto."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akanigeukia. "Kaka Cleopa, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," nilimwambia. "Mwache mzee aongee kidogo. Nani atajua?"

Ndiyo huo ushauri wangu. Laiti ningeumwa jino siku ile.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Kiti cha nyuma alikiacha wazi, na siku moja mteja alipokikalia alimwomba ainuke, kwa adabu, akamtafutia kingine. Kusema kweli nilianza kukiogopa kiti kile. Magreti aliandika kama baba yake hasa, kwa dharau ileile na utani uleule, na kule Baraza watu wazima wa miaka sitini na zaidi walimwamkia mtoto wa kike aliyeweza kuwa binti yao wa kumzaa, naye akaitikia. Alijua ni vibaya. Alikuwa akiandika kila marahaba huku ameinamisha kichwa, na zamu ya kuzungumzia santuri ilipofika ndipo alipokiinua.

Mwezi wa Julai akaingia mgeni. "Shikamoo kaka Kornelio. Ni mimi Oswald wa Mikumi, nimezaliwa 1941. Jina lako la Manyanga nimelitambua. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, nimemwambia asipunguze neno. Nilikuibia. Santuri ya Lazaro niliibadilisha kwa maziwa, na mtoto mwenyewe hakuishi. Nimekaa na jambo hili hadi nimezeeka nalo. Naomba unisamehe kabla hatujaondoka duniani."

Magreti alilia pale pale, mbele ya wanafunzi. Mimi nilisimama nyuma yake, na nilimwona akiandika, lakini nilidhani atafuta. Hakufuta. "Marahaba Oswald. Nimekusamehe, ndugu yangu. Yamekwisha." Akabonyeza, ikaenda.

"Magreti," nilisema, "umesema nini?"

Alikuwa anakitazama kile kiti cha nyuma.

Wiki nne baadaye Oswald akaandika tena. Amefurahi mno, hata usingizi umemrudia. Watu wa Baraza wamemsaidia, wametafuta, na yule wa Uswidi amepata santuri ya Mkondoa Jazz kwa mkusanyaji mmoja na kuituma. Imefika, haina hata mkwaruzo. "Sitaituma kwa mtu. Nitakuletea mkononi, tuisikilize wawili. Jumamosi ya tatu ya Septemba, nikijaliwa."

Hapo ndipo hofu ilipoingia kweli. Magreti alikonda. Alishona mkono wa shati ukaangalia ndani, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu ajifunze kazi. Nilimshauri aandike kwamba mzee amesafiri.

"Amesafiri hadi lini, kaka?" aliniuliza. "Nimwandikie atarudi lini?"

Akaniambia kwamba hamwogopi sana Oswald; huyo atamtukana, atalia, ataondoka. Anayemwogopa ni baba yake. Alimwitikia "nimesikia" akiwa amemshika mkono, kisha akatoa kwa jina lake msamaha ambao mzee mwenyewe aliukataa hadi pumzi ya mwisho. Asubuhi akifungua duka lake la kushonea, hapo hapo nyumbani, aliona haya kuigusa gramafoni. Alikwenda kaburini mara mbili akashindwa kuingia getini.

Siku ilifika. Niliandika kwenye mlango wangu "Umeme Hakuna", ingawa ulikuwepo, nikaenda kukaa dukani kwa Magreti. Tulikaa kama watu wanaosubiri kuitwa mahakamani. Basi la Mikumi liliingia mnamo saa tano. Baada ya muda kidogo tukasikia hodi.

Alikuwa mzee mfupi, koti la reli limemzidi mabega, vifungo vya shaba vimeng'arishwa. Kifuani alikumbatia kitu bapa, kimebanwa kati ya vipande viwili vya mbao na kufungwa kamba.

"Shikamoo, baba," alisema Magreti akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu! Wewe ni Magreti. Nilikupakata ukiwa hujaota jino." Akanigeukia, nami nikamwamkia, akaitikia. Kisha akachungulia nyuma ya pazia na kupaza sauti. "Kornelio! Toka, bwana! Safari hii hakuna dirisha la kufunga!"

Alicheka peke yake. Magreti alinitazama. Nilitaka kusema mimi, nilikuwa nimeandaa maneno tangu juzi, lakini yeye aliniwahi. Magreti alichukua kanga akajifunga kichwani.

"Tufuatane, baba," alisema. "Nikupeleke alipo."

Njia ile naikumbuka yote. Tulivuka reli, tukapita nyuma ya kota za zamani. Mzee Oswald alitembea kati yetu, ameshika santuri yake, na hakunyamaza hata hatua kumi. Alidhani tunakwenda kilabuni. "Bado anakunywa ile ya mtama? Kaka yangu yule! Mimi nitaanza kumwekea upande wa kwanza, maana wa pili Lazaro alikuwa na mafua." Akamuuliza Magreti kama kweli baba yake aliandika kwamba hakulia kwenye sinema ya Kihindi. "Mwongo mkubwa! Nilikaa naye benchi moja. Alilia hadi akaombwa atoke." Magreti aliitikia "ndiyo, baba," "ndiyo, baba," akitazama njia tu. Mara mbili nilitaka kukimbia. Ningekimbia, nisingekuwa mwanamume wa kwanza Kilosa.

Tulipofika kwenye uzio wa minyaa mzee alipunguza mwendo. Aliona misalaba. Alimfuata Magreti hadi kaburi lenye saruji mpya, akasimama, akasogeza uso karibu ili asome. Alisoma kwa sauti, jina, mwaka wa kuzaliwa, kisha: "Tarehe kumi na saba Machi, elfu mbili na sita."

Akakunja vidole kimoja kimoja. Aprili, Mei, Juni, Julai.

"Niliandika Julai," alisema.

Magreti alikuwa amekwisha piga magoti. "Ni mimi, baba. Ni mimi niliyeandika. Nisamehe."

"Na ile marahaba?"

"Ni mimi, baba."

Mzee alikaa juu ya ukingo wa kaburi la jirani, taratibu, kama vile anatafuta kiti gizani. Santuri aliiweka magotini. Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Lakini aliuliza kwa sauti ndogo, "Kabla hajafa, alinitaja?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee, Magreti ananiona vizuri. Nikatikisa kichwa: usiseme. Mwambie alimtaja kwa wema, nani atajua? Nilitikisa hadi shingo ikauma. Magreti alinitazama, kisha akatazama msalaba wa baba yake, na nikaona ile hofu ya miezi miwili inampanda usoni mara moja, yote.

"Alikutaja," alisema. "Alisema usikanyage msiba wake. Alisema udongo wake usiutupe."

Kwa mbali treni ya mizigo ilipiga honi, na mzee aligeuza kichwa kidogo kwa mazoea ya kazi. Kisha akainuka. Aliangalia viatu vyake, akaona alipokuwa amekanyaga, karibu kabisa na saruji. Akarudi nyuma. Alirudi hatua kwa hatua, bila kugeuka, akivuka makaburi ya watu, hadi akatoka nje ya uzio wa minyaa. Hapo ndipo aliposimama.

"Njoo uchukue," alisema. "Ni yake."

Magreti alikwenda akaipokea kwa mikono miwili. "Baba, shikamoo," alisema, kama mtu anavyosema akiagana na mkubwa.

Mzee Oswald alimtazama. Sijawahi kumwona mtu mzima akiachia shikamoo ianguke chini, hata kwa mlevi, hata kwa mwizi. Yeye aliiacha. Akageuka, akashika njia ya stendi peke yake, mikono mitupu ikining'inia kwenye koti.

Jioni ile Magreti aliwasha gramafoni kwa mara ya kwanza tangu msiba, na aliniomba nisiondoke. Sindano ilikwaruza, gitaa likaingia, kisha sauti ya kijana, nyembamba, safi, ya Lazaro ambaye sisi wawili hatukumkuta duniani. Na nyuma yake manyanga. Tulitazamana. Manyanga yalikuwa yamechelewa. Si sana, lakini pale mwanzo bendi nzima imekwisha ondoka na mtu mmoja ndio kwanza anaamka. Mzee aliyetukana wapiga ala wote wa Afrika Mashariki! Magreti alicheka akafunika mdomo kwa woga, kana kwamba kuna mtu amemsikia.

Jumatatu alikuja kwangu akaketi, akafungua jina jipya, lake mwenyewe. Alikosea neno la siri mara mbili hadi nikamsaidia kuliandika. "Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Magreti, nimezaliwa 1974, binti wa Mzee Manyanga. Baba alifariki tarehe 17 Machi. Yote mliyosoma baada ya hapo niliandika mimi, na shikamoo zenu nilizipokea mimi. Namwomba kila mmoja radhi."

Majibu yalikuja siku hiyohiyo. Wa Tabora: "Umetuamkisha maiti." Wa Mombasa: "Nina miaka sitini na tisa. Shikamoo zangu nimpelekee nani anirudishie?" Wa Uswidi aliandika neno moja tu, ambalo silirudii hapa. Wengine walitoa pole ya msiba, fupi, kama mtu anayetupa udongo huku ameangalia saa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeitikia salamu yake. Katika Baraza lile ambako hoja haianzi bila salamu, shikamoo ya Magreti ilikaa juu pale na hakuna aliyeigusa.

Alikuja Jumanne. Alikuja Jumatano. Kila siku saa nane, anaingia, anateremsha ukurasa, anasoma, anatoka. Nilimwambia aache, ajisikilizie santuri yake nyumbani. "Siwezi, kaka," alisema. "Naogopa kuja, na nikikaa nyumbani naogopa zaidi."

Siku ya kumi na moja nilisikia kiti kimesukumwa. Nikadhani ameanguka. Alikuwa amesimama, mikono kifuani, ananiashiria kwa kichwa nije. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na jina la Oswald wa Mikumi.

"Marahaba," iliandikwa. "Sijakusamehe, na usiniharakishe. Baba yako alichukua miaka ishirini na mitatu na hakumaliza. Lakini niambie kitu kimoja: manyanga pale mwanzo, umesikia yalivyochelewa? Nilimwambia tangu siku ile ya kurekodi, akakataa katakata."

Magreti alisoma mara tatu. Kisha akavuta kile kiti cha nyuma, akakikalia, akaniomba niandike mimi, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa havishiki.

"Andika," alisema. "Shikamoo baba. Nimesikia."